Baridi Iliyotengenezewa Karatasi

Kiyoyozi cha kwanza cha kisasa hakikutengenezwa kumpoza mtu. Kilitengenezwa kwa ajili ya karatasi. Mwaka 1902, katika kiwanda cha uchapaji cha Sackett-Wilhelms huko Brooklyn, New York, wachapaji walisumbuliwa na jambo ambalo yeyote aliyewahi kuacha daftari dirishani wakati wa masika analijua: karatasi hunywa unyevu wa hewa ikatanuka, na hewa ikikauka nayo hunywea. Picha ya rangi zama hizo ilichapwa kwa kuipitisha karatasi ileile mashineni mara nne, rangi baada ya rangi. Ikitanuka hata unywele mmoja kati ya njano na buluu, rangi haziangukiani tena, na wekundu wa mdomo unatua shavuni. Kazi ya kutafuta dawa ikapewa kampuni ya Buffalo Forge, nayo ikamkabidhi kijana wa miaka 25, Willis Carrier, aliyekuwa ametoka Chuo Kikuu cha Cornell mwaka mmoja tu nyuma. Carrier akapitisha hewa ya chumba kwenye mabomba yaliyopozwa, hewa ikaacha maji yake juu ya mabomba hayo kama chupa ya soda inavyotoka jasho ikitolewa kwenye friji, na unyevu wa chumba ukashikwa kwenye asilimia 55, mvua inyeshe au jua liwake. Nguvu ya mtambo ule ilikuwa sawa na kuyeyusha karibu tani 50 za barafu kwa siku. Wafanyakazi nao walipata ahueni, lakini hakuna aliyekuwa amewafikiria.

Naanza na karatasi kwa makusudi. Wengi wetu tunaisimulia hadithi ya kiyoyozi kwa ufupi: palikuwa na joto, watu wakateseka, mwenye akili mmoja akavumbua dawa. Mambo hayakwenda hivyo. Mashine hii ilipiga hatua zake za mwanzo kwa kuhudumia vitu, yaani karatasi, uzi, tiketi za sinema, kuta za vioo, na binadamu akafaidi kama mgeni aliyekuta chakula mezani. Baadaye majengo yakaanza kujengwa kwa kuitegemea, hata mtu ambaye babu yake aliishi mahali palepale bila mashine yoyote akajikuta hawezi kukaa chumbani saa nane mchana bila hiyo. Hoja yangu ni kwamba haja yetu ya kiyoyozi, kwa sehemu kubwa, haikuletwa na jua. Ilijengwa kwa saruji, bati na kioo.

Aliyejaribu kupoza watu kabla ya Carrier alikuwepo, na yaliyompata yanafundisha. John Gorrie alikuwa daktari katika mji wa bandari wa Apalachicola, Florida, miaka ya 1840. Aliamini, kama madaktari wengi wa wakati wake, kwamba malaria hutokana na hewa mbaya, akawa anapoza vyumba vya wagonjwa kwa barafu. Barafu ililetwa kwa meli kutoka kaskazini na bei yake ilikuwa kali, basi akaunda mashine ya kuitengeneza palepale, na mwaka 1851 akapewa hataza. Hakupata wa kuiwekea mtaji. Akafa mwaka 1855, fukara na amechekwa. Nusu karne baadaye, wenye viwanda walilipa bila kunung'unika. Hewa kavu ilikuwa ikikata nyuzi kwenye viwanda vya nguo vya kusini mwa Marekani, na ni mhandisi wa viwanda hivyo, Stuart Cramer, ambaye mwaka 1906 aliupa ufundi huu jina lake la Kiingereza, akilitohoa kutoka kwenye lugha ya wasokotaji wanaosema uzi umewekwa sawa. Kweli, ukumbi wa soko la hisa la New York ulipozwa kwa ajili ya watu mwaka 1903. Lakini huo ulikuwa ukumbi wa matajiri. Kilichoieneza mashine ni mzigo ulioharibika na faida iliyopotea.

Kabla ya kuendelea, ni vizuri tuifungue mashine yenyewe, maana watu wengi hudhani inatengeneza baridi. Haitengenezi kitu. Kumbuka muuguzi anapokupaka spiriti kabla ya sindano: ngozi inapoa ghafla, kwa sababu spiriti ikigeuka mvuke huchukua joto la mwili ikaondoka nalo. Ndani ya kiyoyozi kuna gesi inayofanya kazi hiyohiyo bila kuisha. Kwenye boksi la ukutani huwa kimiminika kinachogeuka mvuke, kikinyonya joto la chumba. Mvuke huo hukimbizwa nje, kompresa ikaukamua mpaka ukawa moto, feni ya nje ikaupuliza mpaka ukatema joto barabarani, kisha ukarudi kuwa kimiminika na safari ikaanza upya. Maji yanayodondoka kwenye bomba dogo nje, yale yanayokingwa kwa ndoo na walinzi, ndiyo unyevu uliokuwa chumbani. Katika miji ya pwani yetu maji hayo ni sehemu kubwa ya kazi, kwa kuwa kinachotutesa Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari si nyuzi 32 peke yake, ni jasho linalokataa kukauka. Na fundi anapokuuliza unataka BTU 9,000 au 12,000, anapima kwa kipimo cha zama za barafu: BTU 12,000 kwa saa ndiyo waliyoiita tani moja, yaani nguvu ya kuyeyusha tani ya barafu kwa siku nzima. (Na kuweka rimoti kwenye 16 hakupozi chumba haraka zaidi. AC ya kawaida hukimbia mwendo uleule, inachelewa tu kusimama.)

Sinema ndizo zilizoitoa mashine kiwandani. Kiangazi kilikuwa kikiua biashara ya sinema Marekani: nani akae gizani na watu elfu mbili wanaotoka jasho? Mwaka 1925 Carrier alifunga mtambo wake katika ukumbi wa Rivoli, Times Square, na inasimuliwa kwamba watazamaji waliingia na vipepeo vyao mikononi, wakawa wanavishusha mmoja mmoja hewa ilipowafikia. Maduka makubwa nayo yakafanya vivyo hivyo. Hata hapo, ukiangalia vizuri, baridi ilikuwa chambo na tiketi ndiyo samaki. Kilichozuia mashine kuingia majumbani ni ukubwa wake, bei yake, na gesi zake, maana amonia na wenzake zikivuja huua. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mkemia Thomas Midgley na wenzake wakapata gesi isiyowaka wala kudhuru mapafu. Mwaka 1930 akaivuta mbele ya wanakemia wenzake na kuzima mshumaa kwa pumzi ileile. Hapo mlango ulifunguka, ingawa polepole. Mwaka 1947 Marekani nzima iliuziwa viyoyozi vya dirishani 43,000 hivi. Mwaka 1953 vilipita milioni moja.

Katika miaka hiyohiyo nyumba zenyewe zilibadilika, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Nyumba ya zamani ya kusini mwa Marekani ilikuwa na dari ya juu, baraza pana mbele, madirisha yanayotazamana ili upepo upite, na mti upande wa machweo. Kila kimoja kati ya hivyo hugharimu fedha na ardhi. Wajenzi wa mitaa mipya baada ya Vita Kuu ya Pili waligundua kwamba kiyoyozi kinawaruhusu kuviacha vyote: dari ishuke, baraza ifutwe, miti ikatwe, nyumba zifyatuliwe kama matofali. Alichookoa mjenzi, mwenye nyumba alikilipa kidogokidogo kwenye bili ya umeme. Maofisini mambo yalikwenda mbali zaidi. Mwaka 1952 lilikamilika New York jengo la Lever House, ghorofa la kioo ambalo madirisha yake hayafunguki kabisa. Kwamba jengo la namna hiyo si nyumba bali ni chombo cha mashine, lilikuwa limeshaonekana Paris miaka 20 kabla. Le Corbusier, msanifu aliyeota nyumba za namna moja kwa nchi zote zenye hewa ya nyuzi 18, alilijengea Jeshi la Wokovu hosteli ya watu maskini yenye ukuta wa kioo uliozibwa kabisa. Ilifunguliwa Desemba 1933, kwenye baridi, ikasifiwa. Mtambo wa kupoza ulikuwa umeachwa kwa kukosa fedha. Kiangazi kilipofika hosteli ikawa tanuri, na mamlaka zikaamuru ukuta ule utobolewe madirisha. Baadaye Le Corbusier mwenyewe akageuka kuwa mhubiri wa vizuizi vya jua vya zege, vile tunavyoviona kwenye majengo mengi ya miaka ya 1950 na 1960 katika miji yetu.

Huku pwani ushahidi uko mtaani. Tembea Mji Mkongwe wa Zanzibar saa saba mchana: vichochoro vyembamba vinajifunika kivuli vyenyewe, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zina unene wa karibu nusu mita, na ua wa ndani unatoa hewa moto juu kama bomba la moshi. Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, lilizungushiwa roshani pande zote, jua lisiguse ukuta wa vyumba. Ng'ambo ya bahari, wafanyabiashara wa Dubai walijenga minara ya kukamata upepo juu ya paa na kuushusha sebuleni. Michache ingali imesimama katika mtaa wa Al Fahidi, ikizungukwa na maghorofa ambayo bila umeme hayakaliki. Na tusidhani ujuzi huo ulikufa na masultani. Soko la Kariakoo la Dar es Salaam, alilolibuni msanifu Beda Amuli na kukamilika katikati ya miaka ya 1970, lilifunikwa kwa miavuli mikubwa ya zege inayokinga jua, inayopitisha hewa pembeni na kukusanya maji ya mvua. Lilikuwa jengo kubwa la kisasa la zege, nalo lilipumua. Linganisha na jengo la ofisi la miaka hii, lililovikwa kioo cha buluu upande wa magharibi, ambako jua la saa kumi linapiga bila huruma. Karibu na ikweta jua hupita juu ya kichwa, hivyo ukuta wa kaskazini na wa kusini hukingwa na kibaraza kidogo tu; wa mashariki na magharibi haukingiki kirahisi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa usanifu anafundishwa hilo. Kioo kile kimechaguliwa kwa sababu kinaonekana kama fedha, na mashine 200 za nyuma ya jengo ndizo zinazolipia mwonekano.

Wa kwanza kunipinga atasema joto linaua, na ana haki. Mwaka 2003 wimbi la joto liliua watu karibu 15,000 Ufaransa, wengi wao wazee, baadhi wakiwa peke yao ndani ya nyumba zao. Utafiti wa wanauchumi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa vifo vinavyoletwa na siku za joto kali nchini humo vilipungua kwa takribani robo tatu baada ya 1960, na kwamba kiyoyozi cha nyumbani ndicho kinachoeleza karibu punguzo lote. Sina jibu la kuukana ushahidi huo, wala sitaki. Chumba cha upasuaji, wodi ya watoto njiti, bohari ya dawa, nyumba ya mzee mwenye ugonjwa wa moyo: huko kiyoyozi ni kama maji safi. Ila tuangalie utafiti wenyewe unapima nini. Unalinganisha majimbo ya Marekani na miaka yenye viyoyozi vingi na yenye vichache, katika kipindi ambacho nyumba nyingi zilikuwa zikivuliwa baraza na upepo, na baadhi ya Waparisi wa 2003 walifia chini ya mapaa ya zinki. Mashine iliwaokoa watu dhidi ya jua na dhidi ya nyumba zao kwa pamoja. Nani anaweza kusema kila upande ulichangia kiasi gani?

Mwingine atamtaja Lee Kuan Yew, waziri mkuu wa kwanza wa Singapore, aliyekuwa akisema kwamba bila kiyoyozi nchi yake ya ikweta isingeendelea, na kwamba miongoni mwa mambo aliyoyafanya mapema madarakani ni kufunga viyoyozi katika ofisi za watumishi wa umma. Ni shahidi mzito, maana Singapore iko nyuzi moja tu kutoka ikweta na unyevu wake ni mkubwa. Nakubali kwamba akili hufanya kazi vizuri mwili usipolowa. Swali ni kiasi gani cha baridi. Mwaka 2005 wizara ya mazingira ya Japani ilihimiza ofisi zipozwe hadi nyuzi 28 tu, na wafanyakazi wavue tai na makoti. Uchumi wa Japani haukuanguka kwa sababu hiyo. Upande wa pili, watafiti wa Uholanzi walionyesha mwaka 2015 kwamba viwango vya joto la ofisi vilikuwa vimekokotolewa kwa mwili wa mwanamume wa miaka 40 mwenye kilo 70. Nenda benki yoyote mjini, utamkuta karani wa kike amejifunga mtandio mabegani na sweta limening'inia kwenye kiti, na nje ni nyuzi 33. Tunachoma umeme ili tuvae suti iliyoshonwa kwa ajili ya hali ya hewa ya London, halafu tunaita hiyo tija.

Pingamizi la tatu ni jepesi kulieleza na gumu kulijibu: watu walipata fedha, wakanunua, basi. China mwaka 1990 familia zenye kiyoyozi mijini hazikufika asilimia 1. Miaka 20 baadaye kulikuwa na zaidi ya kiyoyozi kimoja kwa kila nyumba ya mjini. Hakuna aliyewalazimisha. Ni kweli, na mtu anayepata mshahara wake wa kwanza mzuri ana haki ya kulala usingizi. Lakini mapato yanaeleza nani ananunua, hayaelezi kwa nini chumba kilihitaji kupozwa. Fedha zilezile za China ndizo zilizojenga maghorofa ya zege yenye dari fupi mahali palipokuwa na nyumba za ua.

Na yupo atakayenicheka kwa kutamani Mji Mkongwe, akiwa amekaa mtaa wenye msongamano kama Manzese au Eastleigh. Huko ukifungua dirisha unaingiza mbu, kelele za baa, vumbi, na mkono wa kibaka. Nyumba ya jirani iko hatua moja, upepo upite wapi? Isitoshe ukuta mnene wa mawe ukishiba joto la mchana hukurudishia usiku. Pingamizi hili ndilo ninaloliheshimu zaidi, kwa kuwa halitoki vitabuni. Sisemi tujenge kwa matumbawe. Nasema bati lililopakwa rangi nyeupe, dari yenye nafasi ya hewa juu yake, wavu dirishani na mlangoni, tundu la hewa juu ya ukuta wa pili ili upepo uwe na pa kutokea, na pangaboi: vitu hivi vipo kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mtaani. Pangaboi hula wati 70 hivi, na upepo wake huufanya mwili uhisi kama joto limeshuka nyuzi mbili au tatu. AC ya BTU 12,000 hula karibu wati 1,000. Kuna usiku wa Machi ambao pangaboi halitoshi, najua. Ila kiyoyozi kinachofungwa kwenye chumba kilichokwisha kukingwa jua hufanya kazi saa mbili kisha kikapumzika, wakati kilichofungwa chini ya bati tupu hukoroma mpaka alfajiri.

Hesabu hii inapita ukuta wa nyumba moja. Gesi ya Midgley, salama kwa mapafu, ilikuja kugundulika kuwa inatoboa tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuiondoa. Nyingi kati ya zilizokuja kuchukua nafasi yake haziigusi ozoni, lakini baadhi hushika joto la anga mara maelfu zaidi kuliko hewa ya ukaa, na ni Kigali, Oktoba 2016, ambako mataifa yalikubaliana kuzipunguza. Umeme nao una bili yake: Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2018 kwamba dunia ina viyoyozi bilioni 1.6 na kwamba vitafika bilioni 5.6 ifikapo 2050, huku watu bilioni 2.8 wanaoishi sehemu zenye joto kali kuliko zote wakiwa na viyoyozi kwa asilimia 8 tu. Joto linalotolewa chumbani pia halifi. Katika mji wa Phoenix, Arizona, watafiti walikokotoa kwamba viyoyozi vinaongeza joto la usiku nje, katika baadhi ya sehemu za mji, kwa zaidi ya nyuzi moja. Mwenye kiyoyozi anamtupia jirani yake joto kama mtu anayefagia uchafu wake hadi mlango wa pili. Hapo huwa nasikia lalamiko kwamba waliopoza nyumba zao tangu 1953 hawana haki ya kutukataza sisi leo. Hawana. Lakini kuwaiga kosa lao la kujenga hakutufanyi tuwe sawa nao, kunatufanya tulipe bili yao kwa umeme wa bei yetu.

Kinachoendesha yote haya ni hesabu ndogo ya mwenye nyumba na mpangaji. Kibaraza, dari ya juu na miti ni gharama ya anayejenga, mara moja, kabla hajapata kodi hata shilingi. Joto ni gharama ya anayepanga, kila anaponunua umeme wa LUKU. Anayejenga hana sababu ya kumwonea huruma asiyemjua bado. Ndiyo maana katika nyumba nyingi mpya za kupangisha fundi hutoboa tundu la bomba la AC kabla rangi haijapakwa, juu ya dirisha dogo linalotazama machweo. Kiyoyozi chenyewe hakimo, atakuja nacho mpangaji. Mpaka siku hiyo tundu linakaa limezibwa kwa gazeti lililokunjwa.